Albamu ya roki nzito: turekodi vipi, na tarehe ya kutoka tuipangeje?

Rifu_Nzito

Habari zenu wakuu. Bendi ni ya watu wanne: magitaa mawili (mmoja wa wapiga gitaa ndiye mwimbaji), besi na dramu. Nyimbo 10 zimeshatungwa, jumla yake dakika 46. Vifaa tulivyonavyo ni kadi ya sauti yenye ingizo 8, maiki tatu za Shure SM57, maiki moja ya kiki (dramu kubwa ya mguu), maiki mbili za kondensa za aina moja na maiki moja ya mwimbaji. Studio tutakodi kwa ajili ya dramu tu. Magitaa, besi na sauti tutarekodi kwenye chumba cha mazoezi. Tunataka albamu itoke mtandaoni na kwenye santuri siku moja.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Turekodi wote kwa pamoja au ala moja moja?
2. Kwenye demo magitaa yanavuma kama nyuki, membamba kabisa, ingawa geini (kiwango cha kukuza sauti kwenye amplifaya) tumeifungua hadi mwisho. Shida iko wapi?
3. Masta (faili ya mwisho ya kila wimbo) iwe na sauti kubwa kiasi gani?
4. Tarehe tuitangaze lini?

Fundi_Traki

Mkuu, kabla ya maiki kuna kazi ambayo bendi nyingi huiruka, na ndiyo inayokula pesa za studio: kuamua kila wimbo unakwendaje mpaka mwisho. Rekodini nyimbo zote kwa simu mkiwa mazoezini, kisha mzisikilize bila ala mkononi. Kila wimbo uandikiwe mwendo wake kwa mapigo ya dakika, ki yake (noti ya msingi), kila sehemu inazunguka mara ngapi, na nani anapiga nini kwenye kiitikio. Mkikuta magitaa yote mawili yanapiga rifu (kifungu cha gitaa kinachojirudia) ileile kwenye oktava ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, mmoja anyamaze kwenye beti. Kiitikio kikifika kitajaa chenyewe bila mtu kuongeza sauti. Mwendo nao si lazima uwe namba moja wimbo mzima. Kama viitikio vyenu hukimbia kidogo mkipiga jukwaani, ipangeni kliki (mlio wa kuhesabu mwendo) ipande mapigo 2 au 3 hapo, kisha irudi. Mpiga dramu aizoee kliki hiyo wiki kadhaa kabla, asikutane nayo studio.

Swali la 1. Kwa ingizo 8 mnaweza kufanya hivi: magitaa ya mwongozo na sauti ya mwongozo mrekodi mapema kwenye chumba chenu juu ya kliki ileile. Studio wanaingia dramu na besi tu, wanapiga pamoja huku wakisikia mwongozo kwa hedifoni. Ingizo la 1 kiki, la 2 snea kwa SM57, la 3 tomu ndogo kwa SM57, la 4 tomu ya sakafuni kwa SM57 ya tatu, la 5 na la 6 kondensa mbili za juu, la 7 maiki ya mwimbaji ikiwa mita 2 au 3 mbele ya dramu kunasa chumba, la 8 besi kupitia kisanduku cha DI (kinachounganisha ala moja kwa moja, bila maiki). Hapo mmejaza kadi na hakuna kilichopotea.

Kondensa za juu ndizo zinazobeba sauti ya dramu nzima, kwa hiyo msizitege kwa macho. Shikeni uzi katikati ya ngozi ya snea, mpime mpaka kwenye kichwa cha kila maiki. Urefu uwe sawa pande zote mbili, tuseme sentimita 100 na 100. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, hivyo tofauti ya sentimita 34 kati ya maiki moja na nyingine ni milisekunde 1 nzima. Mkizichanganya, milisekunde 1 inafuta sauti ya Hz 500, na hapo ndipo mwili wa snea ulipo. Watu wengi husikia snea imekonda wakakimbilia ikwalaiza, kumbe dawa ni kusogeza stendi. Mkishapima, sikilizeni kiki pamoja na zile za juu, mgeuze polariti (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya kiki na kurudisha. Upande ambao besi inajaa zaidi ndio sahihi. Fanyeni hivyo kwa snea na tomu pia, kabla ya teki (rekodi moja ya wimbo) ya kwanza.

Ngozi za juu zote ziwe mpya, zifungwe siku moja kabla ili zitanuke na kukazwa tena. Snea hulegea yenyewe wakati wa kurekodi, kwa hiyo ikaguliwe baada ya kila wimbo. Ukilinganisha wimbo wa 1 na wa 10 tofauti itasikika wazi. Na mpiga dramu apunguze nguvu kwenye matoazi, aiongeze kwenye ngozi. Toazi likipigwa kwa nguvu kuliko snea, maiki za juu hujaa mchirizo wake, na hakuna kifaa cha kumiksi kitakachovitenganisha baadaye.

Rekodini kwa biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, vilele vikigota kwenye desibeli -10 hivi. Hakuna faida ya kusukuma karibu na sifuri: ukipita, sauti hukatika na haitengenezeki. Chukueni teki tatu kamili kwa kila wimbo badala ya vipande 20. Mwisho wa wimbo mtu asiongee wala kuweka fimbo chini mpaka toazi linyamaze kabisa. Kabla ya kufungua stendi, rekodini pigo moja moja la kila dramu, laini, la kati na la nguvu, mara tano tano. Siku kiki moja itakapopotea katikati ya teki nzuri mtashukuru kuwa nayo.

Nyuzi_na_Moto

Nakubaliana na Fundi_Traki isipokuwa kwenye magitaa ya mwongozo yaliyorekodiwa mapema. Mwongozo haumfuati mpiga dramu, yeye ndiye anaufuata, na roki nzito inaishi kwenye kusukumana kwa watu. Ulizeni studio ina ingizo ngapi. Wakiwa na 16, mpiga gitaa mmoja aingie naye kupitia DI, amplifaya isiwepo chumbani. Deep Purple walikusudia kurekodi *Machine Head* kwenye kasino ya Montreux, ikaungua Desemba 4, 1971, wakaishia kwenye korido za hoteli iliyokuwa imefungwa kwa msimu, mitambo ikiwa kwenye gari la studio la Rolling Stones nje. Mazingira yalikuwa magumu, lakini walipiga pamoja, na albamu ikatoka Machi 1972. Kinachosikika pale ni bendi inayosikilizana.

Sasa swali la 2, maana hapa ndipo albamu nyingi za roki huharibikia. Geini ikizidi, amplifaya inabana sauti: pigo la piki (kipande cha kupigia nyuzi) linapotea, noti zote zinakuwa na ukubwa mmoja, na juu kunajaa mchirizo. Gitaa moja chumbani litaonekana nene. Ukirundika traki nne za namna hiyo, michirizo inajumlika na kiini kinazama. Punguzeni geini kwa theluthi moja hivi, mkono wa kulia upige kwa nguvu zaidi. Ukilisikia peke yake utadhani linapungukiwa. Lisikilize likiwa na besi na dramu, ndipo uamue. AC/DC kwenye *Back in Black*, iliyorekodiwa Bahamas kuanzia Aprili hadi Mei 1980 chini ya prodyuza Mutt Lange, wana magitaa yenye geini ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Unasikia kila uzi ndani ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja).

Rifu za msingi zipigwe mara mbili kwa kweli, teki moja kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Kunakili teki ileile na kuisogeza milisekunde kadhaa hakufanyi kazi: kwa hedifoni itaonekana pana, kwenye spika moja ya simu mawimbi yanafutana na gitaa linageuka bati. Na ninyi mna wapigaji wawili. Kila mmoja apige upande wake kwa gitaa lake na amplifaya tofauti ikiwezekana. Viitikio vikihitaji uzito, ongezeni jozi ya pili yenye geini ndogo zaidi, desibeli 6 chini ya ile ya kwanza.

Maiki: SM57 moja, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa cha spika, ianzie pale kifuniko cha katikati kinapokutana na koni. Kuelekea katikati sauti inachangamka na kuwa kali. Kuelekea pembeni inatulia na kuwa nzito. Sogezeni sentimita 1 kwa wakati, mtu mmoja anasogeza, mwingine anasikiliza chumba kingine. Mkitumia maiki mbili kwenye spika moja, vichwa vyake viwe umbali mmoja. Tofauti ya sentimita 3.4 tu inafuta Hz 5,000, yaani ule mng'ato wa piki. Spika za kabati moja nazo hazifanani, kwa hiyo jaribuni zote nne.

Kila teki ya gitaa irekodiwe pia kwa DI safi kwenye traki ya pembeni. Mkigundua baada ya mwezi kuwa amplifaya haikufaa, mnairudisha DI hiyo kwenye amplifaya nyingine bila kupiga upya.

Nyuzi mpya kila baada ya nyimbo mbili au tatu, na kutuni kabla ya kila teki. Mtuni kwa nguvu ileile mnayopigia, kwa sababu uzi ukipigwa kwa nguvu sauti yake hupanda mwanzoni. Angalieni freti ya 12: noti ya hapo na ile ya uzi mtupu zikipishana, sogezeni tandiko la uzi (kipande kinachoubeba kwenye daraja la gitaa) kabla ya siku ya kurekodi. Kama mnashusha uzi mnene hadi D au C, seti ya nyuzi ya 10–46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) italegea na kodi zitayumba. Nendeni 11–54 au nene zaidi.

Unene mnaoutafuta kwenye gitaa mara nyingi ni kazi ya besi. Uzi mnene wa gitaa uko Hz 82, wa besi Hz 41. Kateni gitaa chini ya Hz 80 hadi 100, muiachie besi nafasi. Besi ya DI muinakili: moja safi inayobeba chini, nyingine yenye mkwaruzo iliyokatwa chini ya Hz 200. Mkwaruzo huo, ukichanganywa kidogo tu, ndio unaofanya magitaa yaonekane ukuta.

Santuri_Mbili

Swali la 3, na jambo moja la haraka kuhusu hizo dakika 46.

Spotify husawazisha nyimbo zote kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika) -14, Apple Music LUFS -16. Masta iliyobanwa hadi -5 itashushwa tu ilingane na nyingine, na kilichobaki ni dramu zisizo na pigo. Metallica walipotoa *Death Magnetic* mwaka 2008, mashabiki walilalamikia mkwaruzo wa kubanwa huko, na wengi walipendelea toleo la nyimbo hizohizo lililokuwa kwenye mchezo wa Guitar Hero kwa sababu halikubanwa vile. Lakini msilazimishe -14 pia. Roki nzito hukaa vizuri kati ya -11 na -8, kilele halisi kisizidi desibeli -1 ili faili zikibanwa kwa mtandao zisikwaruze. Mnapompelekea fundi wa masta, ondoeni limita (kifaa kinachozuia vilele) kwenye traki kuu, acheni vilele kwenye -6 hadi -3, faili ya WAV ya biti 24 kwa sampuli zilezile mlizorekodia. Kompresa (kifaa kinachobana tofauti za ukubwa wa sauti) ya miksi mliyoifanyia kazi tangu mwanzo ibaki. Mkiitoa mizani yote itabadilika.

Santuri ni jambo jingine. Inchi 12 kwa mizunguko 33⅓, upande mmoja wa muziki mzito unapendeza kwenye dakika 18 hadi 20. Dakika 46 maana yake 23 kila upande. Inawezekana, ila mifereji itasongamana, fundi wa kukata atashusha sauti na kupunguza besi, na kelele ya plastiki itasikika kwenye sehemu za kimya. Mna njia tatu: kutoa nyimbo mbili kwenye santuri na kuziacha mtandaoni, kukubali santuri tulivu, au santuri mbili, ambayo gharama yake inakaribia maradufu. Ningechagua ya kwanza bila kusita.

Mpangilio wa nyimbo nao unabanwa na umbo la santuri. Mwanzoni mwa upande sindano inapita juu ya mfereji kwa takribani sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21. Sauti za juu zinabanwa kwenye nafasi ndogo na mkwaruzo huanza hapo, hasa kwenye matoazi na herufi s ya mwimbaji. Wimbo mkali kuliko wote ufungue upande. Ule wa taratibu ufunge. Besi iliyo chini ya Hz 150 iwe katikati, si kushoto wala kulia, la sivyo sindano inaweza kuruka. Ombeni masta ya pili kwa ajili ya santuri tu, isiyobanwa na limita ya masta ya mtandaoni.

Mtaletewa nakala za majaribio. Sikilizeni zote, mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine mbili tofauti. Mlipuko ukiwa sekunde ileile kwenye kila nakala, kosa liko kwenye muhuri (chuma kinachoichapa plastiki) au kwenye sahani iliyokatwa, na kiwanda kirudie. Ukiwa kwenye nakala moja tu ni vumbi au kosa la nakala hiyo.

Rifu_Nzito

Shukrani sana wakuu. Tukiondoa nyimbo mbili zinabaki dakika 37, tutagawa 18 na 19. Kuna anayeweza kusema kuhusu sauti ya mwimbaji, na hilo swali la tarehe?

Fundi_Traki

Sauti kwa ufupi: mrekodi baada ya magitaa, saa 2 au 3 kwa siku basi, nyimbo za kupayuka ziwe mwisho wa siku. Kichujio cha pumzi kikae kati ya mdomo na maiki, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki peke yake, kwa sababu maiki inaangalia upande wake na kunasa ukuta ulio nyuma yake. Teki nne au tano kamili, kisha mchague mistari bora. Akianza kutoka nje ya noti, jaribuni kwanza kupunguza sauti kwenye hedifoni zake au kuvua upande mmoja. Mara nyingi tatizo ni kwamba hajisikii. Viitikio virudiwe mara mbili, teki ya pili ikikaa chini sana kwenye miksi.

Kodi_na_Haki

Swali la 4: tarehe isitangazwe mpaka nakala za majaribio za santuri zikubaliwe. Kiwanda ndicho kinachochukua muda mrefu kuliko kingine chochote, mara nyingi miezi kadhaa tangu mpeleke masta, na nakala za majaribio zikikataliwa mnaanza kuhesabu upya. Bendi inayotangaza mapema inaishia kutoa mtandaoni huku walionunua santuri wakisubiri.

Hesabuni kurudi nyuma. Siku ya kutoka iwe Ijumaa. Tangu Julai 10, 2015 ndiyo siku ya kimataifa ya muziki mpya. Wiki 6 kabla, faili ziwe zimefika kwa msambazaji wa mtandaoni. Singo ya kwanza itoke wiki 6 hadi 8 kabla ya albamu (hiyo nayo iwahishwe kwa msambazaji wiki kadhaa kabla yake), ya pili wiki 3 kabla. Ombi la kuwekwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify linapelekwa angalau siku 7 kabla, kwa wimbo mmoja ambao haujatoka, kwa hiyo amueni mapema ni upi.

Kila rekodi ina ISRC yake (msimbo wa kuitambulisha) ya herufi na tarakimu 12. Singo ikiingia kwenye albamu bila kubadilishwa, itumie ISRC ileile, la sivyo mnahatarisha hesabu ya waliosikiliza kugawanyika. Mkiimiksi upya, inapata mpya. Msimbo pau wa santuri ni tofauti na ule wa albamu ya mtandaoni. Jalada la mtandaoni ni pikseli 3,000 kwa 3,000 kwa RGB (rangi za skrini), bila anwani ya tovuti wala bei juu yake, kwa sababu litakataliwa. Jalada la santuri linachapishwa kwa CMYK (rangi za wino), na kwa nukta 300 kwa inchi linahitaji zaidi ya pikseli 3,700 kila upande pamoja na pembezoni za kukatwa. Mchoraji aanze na ukubwa huo wa santuri, kisha mpunguze kwa mtandao. Kinyume chake kinatoa picha yenye ukungu. Na kwa kuwa santuri yenu itakuwa na nyimbo 8 na mtandaoni 10, orodha ya nyuma ya jalada iandikwe upya. Kosa hilo hupita macho ya wengi.

Jambo la mwisho liwe la kwanza kwenu: kabla ya kuingia studio, andikeni karatasi moja kwa kila wimbo, nani ametunga maneno, nani muziki, asilimia zikijumlika 100, wote wanne waweke saini. Umiliki wa utunzi ni tofauti na umiliki wa rekodi, na kila mmoja una mapato yake. Wimbo ukishaanza kuingiza pesa, mazungumzo hayo huvunja bendi.

Rifu_Nzito

Rifu za nyimbo nyingi zilizaliwa mazoezini, kila mtu akichangia. Hapo asilimia zinakaaje?

Kodi_na_Haki

Gaweni sawa, 25 kila mmoja, kwa nyimbo hizo. Zile ambazo mtu alileta zikiwa zimekamilika, mziandike tofauti. Tarehe iwepo kwenye kila karatasi.

Nyuzi_na_Moto

Mkimaliza miksi, toeni pia toleo lisilo na sauti ya mwimbaji kwa kila wimbo, na kila traki kama WAV inayoanzia sekunde sifuri, hata kama gitaa linaingia dakika ya tatu. Yeyote atakayefungua faili hizo kwenye programu nyingine zitapangana zenyewe. Majina ya faili yawe na namba ya wimbo, ala, upande na mwendo, kwa mfano 04_gitaa_kushoto_138. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, moja ikae nje ya jengo mnalorekodia.